UZI: Nilitoka Kondoa kwenda kusoma sayansi ya bahari na uhifadhi pwani. Mnaotaka kuijaza kwenye udahili, tukae hapa

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke simu yangu haipumziki. Wadogo zangu, watoto wa majirani, hata mwalimu wangu wa zamani wa biolojia ananitumia vijana wake: "Muulizeni huyo, yeye alikwenda kusomea bahari." Maswali yanafanana, kwa hiyo nayajibu hapa kwa urefu, na mwenye nyongeza asisite.

Mimi ni mtoto wa Kondoa. Mito niliyokua nayo ni ile inayopita maji wiki chache kisha inabaki mchanga. Mwaka 2013 nikaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusoma sayansi za majini na uvuvi. Siku ya kwanza wametupeleka Kunduchi, maji yalikuwa yamekupwa, boti zimelala ubavu mchangani, watu wanatembea mbali kabisa huko mbele. Nikaona kumbe bahari ndiyo hii, mtu anaivuka kwa miguu. Tuliporudi alasiri, pale niliposimama asubuhi maji yangenifika kifuani. Nilishtuka, na nilikuwa na ufaulu mzuri tu wa biolojia mkononi.

Naanzia hapo kwa sababu ndilo jambo ninalotaka mlibebe kuliko yote nitakayoandika: ukisoma fani hii pwani, nusu ya somo hutaikuta kwenye silabasi. Ipo kwenye maji yenyewe, kwenye pepo, na kwa watu waliozaliwa hapo. Usipoitafuta utamaliza digrii yako salama, utavaa joho, na bado hutaielewa bahari uliyoisomea.

Mwaka wa kwanza wengi hukata tamaa. Wamekuja wakiwaza pomboo na kasa, wanakutana na kemia, takwimu, fizikia ya mawimbi na majina ya Kilatini ya minyoo. Vumilia. Takwimu hasa usiikimbie. Nimeona watu wanaozamia vizuri, wanaojua samaki kwa macho, wamekwama mwaka wa tatu kwa sababu wana daftari zima la vipimo na hawajui wayafanyie nini. Jifunze mapema R, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, ni ya bure, na ikiwezekana GIS, utengenezaji wa ramani kwa kompyuta. Hayo mawili yamenipa kazi mara nyingi kuliko cheti chenyewe.

Sasa maji. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua: maji yanajaa sana na kukauka sana, tofauti yake Unguja inafika kama mita 4. Katikati ya hapo ni maji mafu, bahari haina nguvu ya kujaa wala kukauka. Hilo lipo vitabuni. Ambalo sikulikuta kitabuni ni kwamba siku za bamvua Unguja maji hukauka kama saa nne asubuhi, na maisha ya kijiji kizima yanapangwa kwa saa hiyo: akina mama wanaokwenda kwenye mwani, wanaochoma pweza kwa vijiti, watoto wanaookota chaza. Mwanafunzi anayepanga kikao na wanakijiji saa nne ya bamvua atakuta mabenchi matupu, halafu ataandika kwenye ripoti yake kwamba mwitikio wa jamii ulikuwa mdogo. Ripoti za namna hiyo nimezisoma.

Kuna na pepo. Fildi zetu huwa likizo ndefu, Julai hadi Septemba. Huo ni wakati wa kusi, bahari imechafuka, safari za boti zinaahirishwa kila kukicha. Kama utafiti wako unahitaji kuzamia au kuhesabu samaki kwenye matumbawe, zungumza na msimamizi wako mapema uone kama unaweza kuchukua vipimo wakati wa kaskazi, Desemba hadi Februari, maji yakiwa yametulia na meupe. Mwenzangu mmoja alipata siku nne tu za maji mazuri katika wiki sita. Utafiti wake ukabadilika jina mara mbili.

Tatu, na hapa nitakaa kidogo, mikoko.

Utafiti wangu wa mwaka wa mwisho niliufanya Chwaka, Unguja, kwenye mikoko ya ghuba ile. Kazi yenyewe ni hivi: unavuta kamba kutoka ukingo wa bahari kuelekea nchi kavu, unaweka viboksi vya mita 10 kwa 10, ndani ya kila kiboksi unapima kila mti. Kipenyo kinapimwa mita 1.3 kutoka ardhini, isipokuwa mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyosimama kama miguu, ambao unaupima sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Tope linakufika magotini, mbu hawana huruma, na unawahi maji kabla hayajarudi.

Tulipewa mzee mmoja wa kijijini atuongoze. Siku ya kwanza nikamwambia kwa heshima, "Babu, tunapima mikoko." Akasimama. "Mwanangu, huu mchu. Ule pale mkandaa. Nyuma yako mlilana, na muia uko kule ndani. Mkoko ni huu mmoja tu. Nyinyi mwaita yote mikoko, kama mtu aite samaki wote changu." Mimi nilikuwa nayajua kwa Kilatini, yote, kwa tahajia sahihi. Kwa lugha yangu mwenyewe nilikuwa na neno moja.

Nikarudi Dar na vipimo zaidi ya miti elfu moja. Nikachora grafu. Miti myembamba ipo ya kutosha, minene ipo, ila ya katikati, kama sentimita 8 hadi 14, karibu haipo. Nilihangaika na pengo hilo mwezi mzima. Nikaandika kwamba huenda ni chumvi ya udongo, huenda ni ugonjwa, huenda miche haikuota miaka fulani. Msimamizi wangu akaniuliza swali moja: "Yule mzee umemwuliza?"

Nikampigia. Hakufikiri hata nusu dakika. "Hiyo si mazio na boriti? Hizo ndizo zinazokatwa."

Kwa wasiojua, wajenzi wa pwani wana majina ya nguzo za mikoko kwa unene wake. Fito ni nyembamba, haifiki sentimita 4. Pau ni kama 4 hadi 8. Mazio 8 hadi 11 na nusu. Boriti kutoka hapo hadi kama 14, kisha nguzo. Boriti ndizo zilizobeba dari za nyumba za Mji Mkongwe, na ndiyo maana vyumba vya zamani vya pwani ni vyembamba: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Kwa miaka mingi majahazi yalizipakia kutoka Rufiji na Lamu kwenda Omani na Ghuba, kusiko na miti ya kujengea. Biashara nzima, na historia yake, ilikuwa imekaa ndani ya grafu yangu, nami nikitafuta ugonjwa wa miti.

Nikabadilisha sura nzima ya nne. Nilipata alama nzuri.

Nitaendelea na habari ya ajira na maisha ya chuo. Karibuni kwa maswali.

#2 – Mhitimu wa kidato cha sita, Singida

Shikamoo dada (nimehisi tu kwamba ni dada, kama nimekosea samahani). Mimi ni binti, nimesoma CBG (kemia, biolojia na jiografia), nimepata daraja la pili. Ninachotaka ni hiki ulichosoma, lakini mama anaogopa sana. Anasema sisi ni watu wa bara, sijui kuogelea, nitakufa maji. Je, kuogelea ni lazima? Na CBG inatosha? Sijawahi kuiona bahari, naiona kwenye video tu.

#3 – Mdau wa Mwanza

Uzi mzuri mkuu, ila tuwe wakweli kwa hawa vijana. Uhifadhi na sayansi ya viumbe ajira hakuna. Nina binamu yangu ana digrii ya wanyamapori, sasa ni mwaka wa nne anauza vifaa vya simu. Mtoto wa mkulima akichukua mkopo wa bodi asomee samaki, atarudisha kwa nini? Bora ualimu au uuguzi.

#4 – Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Hujakosea, mimi ni dada.

CBG: darasani kwetu walikuwepo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) na wa CBG. Biolojia na kemia ndizo zinazobeba. Sifa za kila programu hubadilika, kwa hiyo soma mwenyewe mwongozo wa udahili wa mwaka huu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, mstari kwa mstari, usisikilize maneno ya vijiweni. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) angalia sayansi za majini na uvuvi, na pia sayansi ya wanyamapori na uhifadhi, ambayo nayo ina masomo mazuri. Zanzibar kuna SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya UDSM, iliyoanzishwa 1978, ipo Buyu, Unguja, na wengi huifikia wakitafuta shahada ya pili.

Kuogelea: mimi nilifika siwezi hata kuelea. Nilijifunza nikiwa na miaka 21, Kunduchi, siku za maji mafu, na wasichana wawili wa darasa letu waliolelewa Tanga. Walinishika mgongo wiki tatu. Mwambie mama hivi: kwenye boti unavaa jaketi okozi kabla chombo hakijaondoka, na nahodha akikataa kukupa, unashuka. Usione haya kushuka. Ukitembea kwenye maji ya mchanga, buruta nyayo, usiinue miguu, maana taa hujifukia mchangani na ukimkanyaga ana mwiba mkali. Ukiburuta anakusikia na kuondoka. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kwenye maji ya magoti, kwenye tope au maabara. Lakini jifunze kuogelea hata hivyo. Usijinyime.

Halafu nikueleze kitu kuhusu kuogelea ambacho ni kikubwa kuliko wewe na mimi. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wengi mno ni wanawake. Kuna aina mbili: spinosum na cottonii. Cottonii ndiyo yenye bei nzuri, na ndiyo inayokufa, kwa sababu maji ya kina kifupi yanachemka mno siku za joto. Mwani unapauka, unakatika, unaoza kwenye taitai, zile kamba ndogo za kuufungia. Maji ya kina kirefu yana ubaridi wa kutosha, ingestawi huko. Lakini wanawake wengi wanaoulima hawajui kuogelea na hawana vyombo. Watafiti wetu, akiwemo Dk. Flower Msuya ambaye ameutumikia mwani wa Zanzibar kwa miaka mingi, wamejaribu njia za kuulima kwenye kina. Unaona swali la joto la bahari linavyogeuka kuwa swali la mwanamke na uwezo wake wa kuelea? Mtu aliyejifunza kuogelea ukubwani kwa woga, kama wewe utakavyojifunza, atalielewa swali hilo haraka.

Mdau wa Mwanza, uliyosema kuhusu ajira siyapuuzi, na binamu yako namhurumia kwa dhati. Nilikaa mwaka na miezi minne bila kazi ya kueleweka. Nafasi za serikali ni chache na zinagombewa. Zipo TAFIRI kwenye utafiti wa uvuvi, Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, TFS wanaosimamia misitu ikiwemo mikoko ya bara, NEMC kwenye mazingira, TANAPA ambao wana Saadani, hifadhi ya taifa inayoshuka hadi baharini, na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu. Halmashauri za pwani zina maofisa uvuvi. Zipo asasi na miradi.

Kilichonitoa mimi ni kukubali kazi ambayo wenzangu waliidharau: kukusanya takwimu mwaloni. Unafika alfajiri, unapima samaki urefu na uzito, unaandika chombo, zana, wavuvi wangapi, saa ngapi baharini. Posho ndogo. Baada ya miezi minane nilikuwa namtambua samaki akiwa ameshaparwa magamba, najua bei ya changu kabla mnada haujafungwa, na nilikuwa na takwimu ambazo hakuna aliyekuwa nazo eneo lile. Mradi uliofuata ulinitafuta wenyewe. Simwahidi mtu kwamba itakuwa hivyo kwake. Lakini anayetaka fani hii kwa ajili ya ofisi yenye kiyoyozi namshauri afuate ushauri wako, achague nyingine, na ualimu na uuguzi ni kazi za heshima kubwa.

#5 – Mtoto wa mvuvi, Pemba

Nimesoma uzi wote. Hongera kwa kumsikiliza mzee. Ila mimi nina donge. Babaangu kavua maisha yake yote kwa dema, mtego wa samaki, na mshipi. Wamekuja watu wa uhifadhi na makaratasi, wamesema hapa msivue, pale msivue. Wameondoka. Hatukuona ripoti, hatukuona samaki kuzidi. Akivuliwa samaki na meli kubwa huko nje hakuna anayesema. Nyie mkisoma uhifadhi mwasomea kutufukuza sisi?

#6 – Mleta uzi

Kaka yangu, nalijibu hili kwa utulivu kwa sababu linanihusu.

Ule utafiti wa Chwaka niliousimulia kwa furaha hapo juu una sehemu ya pili ambayo si ya furaha. Nilipata alama, nikaweka nakala maktaba, nikaendelea na maisha. Miaka miwili baadaye nilipita Chwaka na mradi mwingine. Yule mzee akanitambua, akaniletea dafu, tukakaa. Akaniuliza, "Mwanangu, vile vipimo vyetu vilikwenda wapi?" Alisema vyetu. Nilikuwa nimeandika kurasa 64 kwa Kiingereza, na jina la kijiji chake lilikuwa kwenye jalada, na hakuna mtu hata mmoja wa kijiji kile aliyekuwa ameziona. Sikuwa na jibu.

Niliporudi nyumbani niliandika kurasa mbili kwa Kiswahili. Majina ya miti kwa Kiswahili, unene kwa mazio na boriti badala ya sentimita, sehemu gani miche inaota vizuri na sehemu gani imekwisha. Nikapeleka kwa sheha, kiongozi wa serikali wa pale, na kamati yao. Wakazijadili kuliko msimamizi wangu alivyowahi kuzijadili. Mzee mmoja alinionyesha kosa kwenye ramani yangu, mkondo mmoja nilikuwa nimeuweka upande usio wake. Tangu hapo hakuna kijiji nilichopima kitu bila kurudi. Kwa hiyo unaposema hamkuona ripoti, nakuamini, na mimi nilikuwa mmoja wa hao.

Kuhusu kufunga maeneo. Mfano ninaoupenda ni pweza, kwa sababu unaanza na pweza mwenyewe. Pweza anakua upesi mno. Jike hutaga mara moja tu maishani, huyalinda mayai pangoni bila kula, yakianguliwa anakufa. Mwamba ukifungwa miezi mitatu, wale wadogo wanaochomwa wakiwa na uzito wa robo kilo wanapata muda wa kunenepa, na wengine kutaga. Siku ya kufungua, mwanamke mwenye kijiti chake anapata mzigo. Kizimkazi na Kisiwa Panza huko kwenu wamefanya hivi wenyewe, wanakijiji wamekubaliana mwamba upi, tarehe ipi, nani analinda. Inafanya kazi pale wenye mwamba wanaposhika ufunguo. Lakini tusifiche jambo: mwamba ukifungwa, anayeumia kwanza ni yule mama asiye na chombo, anayetegemea kufika kwa miguu. Kama mpango haujasema atakula nini miezi hiyo mitatu, mpango haujakamilika, hata uwe na takwimu nzuri namna gani. Hilo silabasi yangu haikulisema kwa sauti ya kutosha.

Babaako anavua kwa dema na mshipi. Mwambie kuna mtu huku anasema zana zake ni miongoni mwa zisizovunja sana matumbawe, tofauti na juya la kukokota na mabomu. Mwaka wangu wa pili, tukiwa majini karibu na kisiwa cha Mbudya, nilisikia bomu likilipuliwa mbali. Chini ya maji hulisikii kwa masikio tu, unalisikia na kifuani. Kisiwa kile kimetengwa kuwa hifadhi tangu 1975. Nililia ndani ya miwani ya kuzamia, na sioni aibu kulisema. Nashukuru kwamba milipuko imepungua sana tangu vyombo vya dola viliposhikana na vijiji kuizuia.

Njoo usome hii fani kaka, au mlete mdogo wako. Akisimama mtoto wa mvuvi kuwasilisha mpango wa hifadhi, mkutano unakuwa mwingine kabisa.

#7 – Msomaji wa Kilifi

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Mimi nilisomea hapa Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, ambacho kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta tangu 2007 na kupata hati yake 2013. Nathibitisha haya ya dada. Sisi bahati yetu ni msitu na bahari kukaa pamoja. Wanafunzi wanapanda matatu, kabla jua halijawa kali wako Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba kama 420, msitu wenye bundi mdogo anayetoshea kiganjani na sange, mnyama mdogo wa pua ndefu, mwenye nyonga za rangi ya dhahabu. Alasiri wako Mida, kwenye mikoko, wanahesabu ndege wanaohamia kutoka kaskazini ya dunia. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu ziko hapo hapo, tangu 1968.

Lililonifunza mimi zaidi ni kaya, yaani misitu mitakatifu. Misitu ya kaya za Mijikenda iliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, lakini wazee walikuwa wameilinda kwa mizizi ya imani muda mrefu kabla hatujapata neno la bayoanuwai. Uwapo ndani ya kaya hupimi kitu bila idhini ya wazee. Mwanzoni niliona wananichelewesha. Baadaye nikaona mimea niliyokuwa nikiitafuta kwingine kote imebaki mle.

Na kwa yule ndugu wa Pemba: kule Gazi, Kwale, wanakijiji wanalinda mikoko yao na kuuza hewa ya ukaa tangu 2013, pesa inaingia kwenye maji ya bomba na shule. Mradi unaitwa Mikoko Pamoja. Waliofanya vipimo ni wanasayansi, ila kamati ni ya kijiji.

#8 – Mwanafunzi wa wanyamapori, mwaka wa pili

Naongezea upande wa nchi kavu. Sisi tulipelekwa msitu wa Jozani kuwaona kima punju, ambao kwa asili ni wa Unguja tu. Tulielezwa wanakula mkaa. Nilidhani ni hadithi hadi nilipomwona mmoja ameshika kipande anakitafuna. Wanakula majani ya miembe na mikungu yenye sumu kidogo, na mkaa huinyonya sumu ile tumboni. Na kilichowasaidia barabarani ni matuta tu, magari yapunguze mwendo. Nilikuwa nawaza uhifadhi ni bunduki na helikopta. Kumbe tuta la barabarani nalo limo.

#9 – Mhitimu wa kidato cha sita, Singida

Dada, nimemsomea mama huu uzi wote kwa sauti. Lile la jaketi okozi na kushuka kwenye boti aliniambia nirudie. Hajasema ndiyo lakini ameacha kusema hapana. Sasa udahili bado una hatua zake na chuo kinafunguliwa baadaye. Nikiwa hapa hapa Singida, hakuna bahari, nianze na nini?

#10 – Mleta uzi

Mdogo wangu, unakaa mji wenye ziwa la chumvi na unaniuliza uanze na nini? Nenda Singidani.

Chukua daftari la kurasa ngumu na penseli, si kalamu, wino ukilowa unapotea. Chagua sehemu moja ya ukingo, hiyo hiyo kila mara, na saa hiyo hiyo, asubuhi kabla jua halijapanda. Andika tarehe, saa, upepo unatoka wapi, mawingu, maji yamefika jiwe gani. Kisha hesabu heroe, wale ndege wa miguu mirefu. Wakiwa wengi usihesabu mmoja mmoja. Hesabu kumi, zoea ukubwa wa kumi kwa macho, kisha pima kundi kwa makumi hayo. Rudia mara tatu, uandike zote tatu, hata zikitofautiana. Hasa zikitofautiana. Usiku usirekebishe namba ili zipendeze.

Halafu tafuta mtu mzima anayeishi kando ya ziwa hilo, umwamkie, ukae naye. Muulize anamwitaje kila ndege kwa lugha yake, na miaka ipi anakumbuka ziwa lilikauka. Andika maneno yake kama alivyoyasema.

Fanya hivyo mara mbili kwa wiki mpaka siku ya kuripoti chuoni.

#11 – Mhitimu wa kidato cha sita, Singida

Narudi dada. Ni wiki ya tatu leo.

Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upepo wa mashariki, hakuna mawingu, maji yameshuka hatua nne kutoka kwenye jiwe langu. Heroe: 340, 410, 370. Mara ya pili nadhani kuna kundi nililihesabu mara mbili kwa sababu waliruka.

Kuna babu anachunga mbuzi pale. Amenipa majina kumi na moja ya ndege kwa Kinyaturu. Matatu kati ya hayo sijampata ndege wake bado, anasema wanakuja mvua zikianza. Jana alinikuta nimechelewa akaniuliza nilikuwa wapi.

Mama amekuja nami leo. Amehesabu pia. Yeye amepata 390.

#12 – Mleta uzi

Andika na ya mama kwenye daftari, na jina lake pembeni. Jumamosi nenda mapema zaidi kidogo, kabla hawajaanza kuruka, ukae upande wenye jua mgongoni.